Kukata Usiku, Kuunga Mchana

Majirani huniuliza mara kwa mara, na hata ndugu wa upande wa mume wangu wameniuliza, ni wakati gani ninaopata nafasi ya kushona nguo za nyumba nzima ilhali nina watoto watatu, mmoja wao hajafikisha hata umri wa kwenda chekechea, na mama mkwe ambaye tunaishi naye. Leo watoto wamelala mapema, na kabla sijatandika kitambaa nataka niandike kwa ukamilifu jibu ambalo siku zote hulitoa nusunusu nikiwa nimesimama mlangoni. Nafasi ya kushona, kwa maana ya saa tatu au nne mfululizo bila mtu wa kuniita, nyumbani kwangu haipo, wala sitarajii kwamba itapatikana karibuni. Kilichopo ni vijisehemu vya muda vilivyotawanyika kutwa, na kazi ya kushona nayo, ukiitazama kwa makini, ni hatua nyingi zisizolingana uzito. Nilichojifunza ni kujua hatua ipi inaweza kukatizwa na ipi haiwezi, kisha kuipangia kila moja saa yake.

Fundi wa dukani hufuata mfululizo mmoja: hupima, hukata, huunga, hupiga ovaloku ili kingo zisifumuke, humalizia kwa vifungo na pasi. Mimi hukata usiku, watu wote wakiwa wamelala, kwa sababu kukata ndiyo hatua isiyovumilia kukatizwa. Mshono uliokwenda kombo hufumuliwa na kurudiwa. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Ukiwa umetandika kitenge sakafuni, umekikunja katikati, umezilinganisha kingo zake mbili za kiwandani ili mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, uende wima kutoka begani hadi miguuni, kisha ukaitwa na kuondoka, utakaporudi kitambaa kitakuwa kimesogea kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Gauni lililokatwa nje ya mtande halionyeshi kasoro siku ya kwanza. Litaionyesha baada ya kufuliwa na kuvaliwa, pale mshono wa ubavuni utakapoanza kujizungusha na kuja mbele ya goti, na hapo hakuna pasi wala fundi wa kuusaidia.

Kwa hiyo usiku ni wa chaki, futi kamba na mkasi peke yake. Siruhusu jambo jingine liingilie, hata kuunga mshono mmoja mfupi, maana najua nikishaketi kwenye cherehani sitanyanyuka. Nikikata, nakunja vipande vya nguo moja pamoja, vya mbele juu, vya nyuma chini, mikono na shingo katikati, navifunga kwa utepe wa kitambaa hichohicho na kuviweka juu ya kabati. Asubuhi mtu yeyote akiniita, kila nguo inajulikana iko wapi na imefikia wapi.

Maandalizi ya kitambaa, kwa upande mwingine, hayahitaji utulivu wowote. Nikirudi na pisi ya kitenge ya yadi 6 kutoka Kariakoo, siikati siku hiyo. Naiingiza katika ufuaji wa kawaida wa asubuhi, lakini kwenye beseni lake peke yake na maji baridi, ili nione kama rangi inatoka. Kisha naianika kivulini na kuipiga pasi ikiwa bado na unyevu kidogo. Pamba hurudi, yaani hupungua ukubwa, inapofuliwa kwa mara ya kwanza, na ule wanga wa kiwandani unaofanya kitenge kipya kisimame wima hutoka na maji, kiasi kwamba kitambaa unachokitoa kwenye kamba si kile ulichokinunua. Afadhali kirudi kikiwa bado ni pisi kuliko kirudi kikiwa gauni la mtoto.

Kuunga ni kazi ya mchana, na hapa cherehani cha mguu alichonirithisha mama yangu kinanifaa kuliko cha umeme. Hakitegemei umeme, ambao mtaani kwetu hukatika bila taarifa, na husimama palepale mguu unaposimama. Mishono ya mabegani na ya ubavuni ni mistari mifupi; ninaweza kushona mmoja wali ukiwa unakaushwa, nikainuka, nikarudi kushona mwingine baada ya kumbembeleza mdogo alale. Kila ninapoinuka nafanya mambo mawili bila kufikiri. La kwanza, naishusha sindano mpaka izame ndani ya kitambaa, ili mstari usipotee. La pili, nauvua mkanda wa ngozi kutoka kwenye gurudumu. Mkanda ukiwa mahali pake, mtoto mdogo akikanyaga kanyagio chini ya meza, sindano juu inatembea, na vidole vya mtoto hufika kila mahali. Ukiwa umevuliwa, kanyagio linakwenda na kurudi bure. Kuurudisha huchukua muda mfupi tu, na sijaona sababu yoyote ya haraka inayoweza kunifanya niuache.

Pini nazihesabu ninapozitoa na ninapozirudisha. Sindano za cherehani nazibadilisha kufuatana na kitambaa, namba 14 kwa kitenge, namba 16 kwa suruali za kitambaa kizito, namba 11 kwa ushungi mwepesi, na iliyovunjika naifunga kwa karatasi kabla ya kuitupa. Haya ni mambo ya kawaida kwa kila anayeshona. Nayataja kwa sababu nyumba yenye mtoto anayeokota kila kitu huyageuza kuwa sharti.

Kazi ya mkono ndiyo inayobaki kwa jioni, na hiyo haihitaji nafasi ya peke yake hata kidogo, kwani hufanyika katikati ya watu. Kupiga upindo, kushikiza vifungo, kufunga nyuzi za ndani: yote haya nayafanya sebuleni nikimsikiliza mtoto wa darasa la pili akisoma kwa sauti, au nikizungumza na mume wangu kuhusu kodi na ada. Mama mkwe wangu hupiga upindo kwa mkono vizuri kuliko mimi, kwa nukta ndogo zinazolingana zisizoonekana upande wa nje, lakini macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Kwa hiyo asubuhi, kabla sijaanza mapishi, natunga uzi kwenye sindano kadhaa na kuzichomeka katika mto mdogo wa sindano, nyeupe upande huu na za rangi upande ule, nao mto nauweka karibu na kiti chake. Hapendi kuomba atungiwe, na mimi sipendi aombe.

Wapo wanaodhani kwamba ninashona ili kubana matumizi. Mama yangu alikuwa na sababu iliyo wazi zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu madukani, na kitenge au doti ya kanga kutoka kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa hapa Ubungo mwaka 1968, kilikuwa kitu cha kutunzwa, kinachoshonwa kwanza gauni la mama, kisha la binti, kisha foronya. Katikati ya miaka hiyo masharti ya biashara yalipolegezwa, mitumba ilianza kuingia kwa wingi, na leo gauni la mtoto la mtumba hupatikana kwa fedha isiyotosha kununua zipu, uzi na kitambaa cha gauni jipya. Simshauri mama yeyote anunue cherehani kwa tumaini kwamba bajeti ya nyumba itapungua. Atahesabu, ataona haipungui, na atakiuza.

Sababu yangu ni miili ya watu hawa ninaoishi nao. Nguo ya dukani hukatwa kwa ajili ya mwili wa wastani, na nyumbani kwangu hakuna hata mmoja mwenye mwili huo. Binti yangu mkubwa ni mrefu na mwembamba. Gauni linalomtosha kwa urefu humpwaya kiunoni, na linalomkaa kiunoni humfika juu ya magoti, naye yuko katika umri wa kuona haya. Mume wangu ana bega moja lililoshuka kidogo, na shati la dukani humvuta upande mmoja wa shingo mpaka jioni analifungua kifungo cha juu kwa kuchoka. Mama mkwe hawezi tena kuinua mkono wa kulia kupita usawa wa bega. Kwa muda mrefu alikuwa akivalishwa magauni kwa kusaidiwa, mtu mzima anayejiheshimu akisubiri mkwewe aje amtoe kichwa kwenye shingo ya gauni. Nilimshonea gauni la kitenge linalofunguka mbele kutoka shingoni hadi chini ya kiuno, lenye vifungo vikubwa, mikono mipana, na kwapa lililokatwa chini kuliko kawaida ili mkono uingie bila kuinuliwa. Tangu siku hiyo anavaa mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Sijui duka ninaloweza kununua kitu hicho.

Kwa watoto, jambo lenyewe ni kushona nguo ya mwaka huu huku ukifikiria ya mwakani. Mtoto wa umri wa shule ya msingi hurefuka kwa wastani wa sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, lakini hanenepi kwa kasi hiyo, na kwa hiyo akiba kubwa ya kitambaa inapaswa kuwekwa chini kuliko ubavuni. Naacha upindo wa inchi 3, naukunja mara mbili na kuupiga kwa mkono ili ufumuke kwa urahisi bila kuacha matundu ya cherehani. Ubavuni inchi moja kila upande inatosha. Katika kiuno cha sketi naingiza lastiki upande wa nyuma tu, mbele pakae sawa. Nikiona gauni limeanza kupanda, nafumua upindo jioni moja, napiga pasi ule mstari wa zamani kwa kitambaa chenye maji, na mtoto anaendelea kuvaa.

Katika mwezi wa Ramadhani majirani huniletea vitambaa, wakiwa na nia njema kabisa, wakisema kwamba kwa kuwa nashona za wanangu basi niongeze na za wanao. Kabla ya mwezi kuanza na katika siku zake za mwanzo huwa nakubali chache. Zikibaki wiki mbili kabla ya Idi nakataa, na nakataa kwa upole lakini bila kuzungukazunguka, kwa sababu nguo ya mtu ni ahadi yenye siku yake, na homa ya mtoto haina siku yake. Nguo ya mwanangu ikichelewa ataelewa, nami nitamweleza. Ya mtoto wa jirani ikichelewa asubuhi ya Idi, hakuna neno litakalomtosheleza mama yake. Wengine hununa kidogo, kisha huja kuomba mkasi.

Sasa mwaka wa shule unakwisha na zamu iliyo mbele yangu ni sare za Januari: sketi ya bluu ya binti yangu anayeingia darasa la sita, kaptura ya bluu na mashati meupe ya mdogo wake. Binti amekuwa akiomba kujifunza tangu mwaka jana. Nimemwanzisha kwa karatasi ya daftari, bila uzi na kwa sindano kuukuu, kwa kuwa karatasi huua makali ya sindano. Anafuata mistari ya daftari kwa matundu, kwanza iliyonyooka, kisha naichorea karatasi nyingine duara. Miguu yake imeanza kuzoea mwendo wa kanyagio, na gurudumu halimrudii nyuma kama mwanzoni. Anajaza vizuri bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, na ameshajua kuuvua mkanda kila anapoinuka bila kukumbushwa. Kitambaa cha bluu kimeshafuliwa na kupigwa pasi. Sketi nitaikata mimi usiku wa Ijumaa, na mishono ya ubavuni nitamwachia yeye Jumamosi mchana, nikiwa jikoni, karibu kiasi cha kusikia cherehani kinavyokwenda.