Pweza Waliobaki Unguja

Disemba 2009 Unguja yote iliingia giza. Umeme tuliokuwa tukiletewa kutoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, Ras Kiromoni mpaka Fumba, ulikatika, na hatukuuona tena mpaka Machi ya mwaka wa pili. Mwaka 2008 tulishakaa karibu mwezi mzima hivyo hivyo, kwa hiyo watu hawakuhitaji kufundishwa. Mishumaa ilipanda bei siku ile ile, vijenereta vikaanza kunguruma Darajani mbele ya kila duka, na maji yakarudi kuchotwa kwa ndoo. Jamaa zetu wa Pemba, ambao wakati ule walikuwa wakiwashiwa majenereta yao ya Wesha na kebo yetu haiwahusu, walitupigia simu kutupa pole huku wakicheka.

Mimi nilikuwa karani wa mizani katika kampuni ndogo iliyokuwa ikinunua pweza na kuwapeleka Ulaya wakiwa wamegandishwa. Bamvua ikifika na maji yakatoka mbali, kina mama wa Jambiani na Makunduchi hushuka mwambani na vijiti vyao kuwachokoa pweza mashimoni, na jioni gari letu likirudi na matangi yamejaa pweza na barafu. Hapo kazi ndiyo inaanza: kichwa kinapinduliwa, matumbo yanatolewa, wanaoshwa, wanapangwa kwa uzito, halafu wanaingia chumba cha upepo mkali wa baridi mpaka wagande hadi kiini cha nyama. Wakitoka huko huchovywa kwenye maji baridi ili wapate ngozi nyembamba ya barafu itakayowazuia wasikauke, ndipo hutiwa kwenye katoni. Wanunuzi wetu wa Hispania wala hawaoni kuganda huko kuwa ni kasoro. Baridi huilainisha nyama ya pweza, kazi ambayo mama zetu huifanya kwa kumpiga kwa gongo mpaka mkono uchoke.

Jenereta yetu ilikuwa na uwezo wa kukibeba chumba cha hifadhi tu, na kwa taabu. Chumba cha kugandishia kilizimwa siku ya kwanza, manunuzi yakasimama. Dizeli ilikuwa ya kupanga foleni, na Tajiri akaamrisha jenereta ipumzishwe saa kadhaa kila usiku. Shehena nzima ya kontena la futi ishirini ilikuwa imo ndani inasubiri meli.

Kontena lilikuja likiwa na jenereta yake kifuani, kwa sababu uwanjani kwetu hapakuwa na pa kulichomeka. Tulipanga kupakia baada ya Isha, joto likipungua. Mahamali walishafika, wakala wa meli alishapiga simu kwamba lango la bandari Malindi halitatungoja, na Tajiri alikuwa amesimama mlangoni na tochi.

Fundi wetu wa mitambo alikuwa Mpemba wa Wete, mtu mzima, mimi nikimwita Ami. Alichukua keekee, akatoboa katoni ya kwanza, akamtoboa na pweza mwenyewe, akachomeka kipimajoto ndani. Nikaandika: mainasi 19. Ya pili mainasi 18. Zilizokuwa nyuma kabisa ya chumba zote zilikuwa salama. Tukasogea mbele, upande wa mlango, ambako hewa ya moto huingia kila mtu akipita. Mainasi 14. Mainasi 12. Moja, ya juu kabisa, mainasi 10.

"Tieni zote," Tajiri akasema. "Kontena lina mashine mpya kuliko yetu. Likifika Mombasa zitakuwa zimeshaganda."

"Tajiri, kontena haligandishi," Ami akajibu. "Linahifadhi ulichokipa."

Nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo, lakini usiku ule ndipo niliposikia sababu zake, maana Ami alimwingiza Tajiri ndani ya kontena lile tupu na kumwekea tochi sakafuni. Sakafu ya kontena la baridi si bapa. Ina mifereji ya aluminiamu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mashine inapuliza hewa baridi humo chini, inapanda kupitia na kuzunguka mzigo, inarudi juu karibu na dari kupoozwa tena. Ndiyo maana ukutani pamechorwa mstari mwekundu, na katoni haziruhusiwi kuupita: ukiziba juu, hewa haina njia ya kurudi. Kwa mzigo ulioganda, kazi ya hewa hiyo ni kulipokea joto linalopenya ukutani kabla halijafika kwenye katoni. Haina nguvu ya kuvuta kwa haraka joto lililo ndani ya nyama. Katoni ya mainasi 10 itakaa wiki ikishuka polepole, na njiani itawapasha jirani zake. Maji yaliyo ndani ya nyama yakiganda taratibu hivyo hufanya chembe kubwa za barafu zinazopasua nyama, na siku pweza atakapoyeyushwa huko Hispania atamwaga maji na kupungua uzito mbele ya macho ya mnunuzi.

Tajiri alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali la kitajiri: nani atajua?

Ami akatoa mfukoni kile kidude cha kurekodi joto, kidogo tu, ambacho mnunuzi alitutumia mwenyewe. Hukaa ndani ya katoni na kuandika joto safari nzima. Sheria ya Ulaya inataka samaki walioganda wawe mainasi 18 au chini yake, na njiani inasamehe kupanda kwa muda mfupi kwa nyuzi 3, si zaidi. Kati ya 15 na 10 hapana msamaha.

"Na mimi ndiye nitakayetia saini karatasi ya vipimo," Ami akaongeza. "Sitii."

Palikuwa kimya kidogo. Hamali mmoja akauliza kama wanalipwa kwa kupakia au kwa kusubiri. Tajiri akazima tochi, pengine kwa hasira, pengine kwa kubana betri, akasema: "Haya. Nzima peke yake."

Tulipakia kwa kasi, mashine ya kontena ikiwa imezimwa. Hilo nalo wengi hawalielewi. Wanadhani kuiacha ikifanya kazi milango ikiwa wazi ni ihsani. Inavuta hewa ya Unguja yenye unyevu, na unyevu wote unagandia kwenye mabomba yake. Kile kidude Ami alikiweka katoni ya juu, mwisho karibu na milango, mahali penye joto kuliko pote. Milango ikafungwa, lakiri ikapigwa, nikanakili namba yake, mashine ikawashwa. Kontena likateremka Malindi.

Zile katoni za mbele ziligawanywa alfajiri. Hoteli za pwani zenye majenereta zilichukua nyingi, maana ulikuwa msimu wa wageni. Zilizobaki zilichukuliwa na wachomaji wa Forodhani, bustani iliyokuwa imefunguliwa upya Julai ile ile baada ya matengenezo. Kwa wiki nzima watalii walikula kwa mwanga wa karabai pweza aliyetayarishwa kwa ajili ya Hispania, na kwa bei iliyomuuma Tajiri kila alipopita njia ile.

Meli za wakati ule zilikuwa zikizunguka mbali kuwakwepa maharamia wa Kisomali, kwa hivyo majibu yalichelewa. Mnunuzi aliandika kwamba kidude kinaonesha mzigo haukuwahi kupanda juu ya mainasi 17, na kwamba malipo yanakuja. Mwisho akauliza kwa nini katoni zimepungua kuliko agizo.

Nilimsomea Tajiri barua, nikauliza nijibu nini.

"Mwandikie tumewala," akasema.

Nikaandika kwamba hatukuwa na umeme.