Siku yangu Ludlow, mji wa ngome na soko

Saa 12:30 asubuhi. Ludlow ni mji mdogo magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Nafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mzee wa kwanza anakaa ng'ambo ya mto Teme, kwa hiyo navuka daraja la Ludford kungali giza. Ni hapa, Oktoba 1459, ambapo Duke wa York, aliyekuwa akimpinga mfalme, na wenzake walitoroka usiku wakaacha jeshi lao, na askari wa mfalme wakaingia kuupora mji.

Saa 2:45. Uji, vidonge na soksi tayari. Napanda Broad Street kupitia Broad Gate, lango pekee lililosalia kati ya malango saba ya ukuta wa zamani.

Saa 4:00. Leo Jumatano, siku ya soko. Meza zimepangwa mbele ya ngome: mikate, jibini, mboga, maua, vyombo vya mitumba. Nanunulia wateja wangu wawili mahitaji yao. Soko la kale lilikuwa kubwa zaidi, likianzia ngomeni hadi mtaa wa Bull Ring. Wafanyabiashara walijenga polepole pale walipokuwa wakitandaza bidhaa, vibanda vikawa nyumba, ndiyo maana vichochoro vya katikati ni vyembamba hivi. Hata uwanja huu ulikuwa na jengo kubwa la halmashauri hadi lilipobomolewa mwaka 1986, na soko likarudi kwenye anga wazi. Nafurahi sana kwamba lilirudi.

Saa 7:00 mchana. Mapumziko. Ngome ilianzishwa na ukoo wa de Lacy mwishoni mwa karne ya 11, ili Wanormani, waliokuwa wameiteka Uingereza, waulinde mpaka. Ndani kuna kanisa dogo la mviringo ninalolipenda kuliko minara yote. Aprili 1483 mtoto wa miaka 12 alipata habari hapa kwamba baba yake amefariki na sasa yeye ndiye Edward V. Aliondoka kwenda London, akafungiwa katika ngome ya Tower, hakuonekana tena. Mwaka 1502 Arthur, kaka yake mfalme Henry VIII, alifia hapa miezi michache tu baada ya kumwoa Catherine wa Aragon. Nikiwaza mjane yule wa miaka 16, mgeni ugenini, moyo unaniuma. Baraza lililotawala Wales kutoka hapa lilivunjwa mwaka 1689, na ngome ikaachwa ibomoke. Waongozaji watalii huwataja wafalme kwanza. Mimi ningeanza na wauzaji, maana wao hawakuondoka.

Saa 9:00 alasiri. Namsukuma bibi mmoja kwa kiti cha magurudumu hadi kanisa la St Laurence. Chini ya viti vya wanakwaya kuna michongo ya mbao ya tangu enzi za kati. Mmoja unaonyesha mashetani wakimbeba mama muuza pombe kwenda motoni, na kikombe chake cha kupunjia wateja bado kiko mkononi. Bibi huomba aonyeshwe huo kila tukija. Mji uliochonga adhabu ya mpunjaji kanisani ulijua soko linaishi kwa uaminifu.

Saa 1:30 usiku. Zamu ya mwisho: chakula cha jioni, dawa, mapazia. Bibi ananipa orodha ya Ijumaa, soko likifunguliwa tena: jibini, tufaha za kupikia, na mkate wa ngano nzima, usiokatwa.