Jinomu ya chikungunya huharibikia kwenye kituo cha afya, si kwenye kompyuta

Maabara nyingi duniani zikisoma jinomu (maelekezo yote ya urithi) ya kirusi cha chikungunya, homa ya maumivu ya viungo inayoenezwa na mbu, huilinganisha na S27, kirusi kilichotolewa kwenye damu ya mgonjwa wa Tanganyika katika miaka ya mlipuko wa Newala na Masasi, mkoa wa leo wa Mtwara, 1952–53. Kwa hiyo sampuli ya leo kutoka Mtwara ina thamani ya pekee, na inauma kuona inaharibika kabla haijavuka Mto Rufiji kwenda maabara za Dar es Salaam.

Jinomu hii ni uzi wa RNA, kemikali ya urithi ya kirusi, wenye herufi kama 11,800. Badiliko moja tu, asidi amino alanini kuwa valini kwenye nafasi ya 226 ya protini E1 ya ganda la kirusi, lilimwezesha mbu Aedes albopictus kukieneza kirusi vizuri zaidi huko Réunion mwaka 2005–2006. Kitu kidogo namna hiyo hakionekani kwenye RNA iliyokatikakatika.

Damu ichukuliwe ndani ya siku 5 tangu homa ianze. Anayekuja siku ya tisa, viungo vimemkaza, damu yake inafaa kupima kingamwili. Kirusi chenyewe kimeshapungua mno. Mililita 3 hadi 5 zinatosha, kwenye tyubu ya kifuniko chekundu au cha njano. Ya kijani ina heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo huzuia PCR, kipimo kinachozidisha vinasaba vya kirusi. Iache igande nusu saa, izungushwe kwa mashine, seramu (majimaji ya juu) itengwe. Nyuzi joto 2 hadi 8 zinafaa kwa saa 48. Zaidi ya hapo inatakiwa −70. Friza ya kawaida inayoyeyuka kila umeme ukikatika ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kila kuyeyuka huikata RNA.

Maabarani RNA hugeuzwa DNA na kuzidishwa kwa vipande vya herufi kama 400 vinavyopandiana. Ct, yaani mizunguko ya PCR kabla kirusi hakijaonekana (ikiwa kubwa, kirusi ni kidogo), ikipita 30, vipande huanza kukosekana. Pengo liandikwe N, yaani herufi isiyojulikana. Kuliziba kwa herufi za S27 ni kosa kubwa: kirusi cha leo kitaonekana jamaa wa karibu wa kile cha 1952, na mti wote wa ukoo utapinda. Herufi za praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha uzidishaji, nazo zikatwe, maana tumeziweka sisi. Maji yasiyo na sampuli yapite hatua zote, ili kugundua uchafuzi. Yakitoa chikungunya, rudia kundi zima.

Fomu isisafiri bila tarehe homa ilipoanza, tarehe ya kutoa damu, wilaya, na safari za mgonjwa za wiki mbili zilizopita.