Taa ya mlingotini inafifia, kumbe waya umeoza ndani

Mashua yetu ya zamani hapa Shela, taa ya mlingotini ikawa hafifu, ukiwasha na pampu ndo inazima kabisa, na mi nishanunua betri mpya, pesa zimeenda bure wallahi. Nikaazima mita ya kupimia umeme. Kwenye betri volti 12.6, kwenye taa ikiwa imewashwa 9.5 tu, zinapotelea njiani! Nikagusisha ncha moja ya mita negetivu ya betri, ya pili negetivu ya taa, taa bado inawaka, ikasoma karibu volti 3, mwizi nishamjua, ni waya wa negetivu. Nikafuata waya mpaka kwenye ngama, kule chini kabisa ya mashua maji yanakotuama, kiungio kimezungushwa tepu tu, kukata shaba imekua kijani mpaka ndani ya mpira. Nikavuta waya mpya uliopakwa bati, viungio juu mbali na maji. Sasa taani 12.3.