Rufaa ya madai iliyochelewa: ninavyoandaa maombi ya kuongezewa muda

Mteja akinijia na hukumu ya madai ambayo muda wake wa rufaa umepita, simwulizi kwanza alivyoonewa. Namwomba kila karatasi yenye tarehe: barua ya kuomba nakala, stakabadhi za malipo, nakala zenye muhuri wa masjala, vyeti vya hospitali. Jaji wa maombi haya hatafuti mwenye haki ya kiwanja. Anataka kujua siku zimekwenda wapi.

Kisha nahesabu upya, maana wengine hawajachelewa. Hapa Tanzania, rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni 30 tena. Kwa shauri lililoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni siku 45. Hukumu ya shauri lililofunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwa Sheria ya Mwenendo wa Madai ina siku 90. Kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufaa inawasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi.

Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inaondoa kwenye hesabu siku ya hukumu na muda uliohitajika kupata nakala ya tuzo, yaani hati ya amri inayotokana na hukumu. Lakini lazima zionekane tarehe tatu: ya hukumu, ya kuomba nakala na ya kuipokea. Aliyeomba kwa mdomo dirishani hana cha kuonyesha. Kwa Mahakama ya Rufani, barua ya kuomba nakala ya mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za usikilizwaji, iandikwe ndani ya siku 30 na nakala yake apelekewe mjibu rufaa. Bila hivyo hati ya Msajili ya kuondoa siku za kusubiri haitakusaidia. Na wanaokata rufaa katika mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo wanaponzwa na kusubiri nakala ambayo sheria haiwalazimishi kuiambatanisha.

Kama kweli muda umepita, naandaa kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mteja anaapa kuwa ni kweli. Mwongozo ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika Lyamuya Construction, maombi ya madai namba 2 ya mwaka 2010: eleza kipindi chote cha kuchelewa, kisiwe kirefu kupita kiasi, onyesha bidii, au onyesha sababu nyingine nzito, kama kasoro ya kisheria katika uamuzi. Kasoro hiyo ionekane wazi kwenye kumbukumbu, si ya kuchimbuliwa kwa hoja ndefu.

Kabla ya kuandika aya hata moja, nachora kalenda na kujaza kila siku. Chukua kiapo kinachosema: “Nililazwa tarehe 6 hadi 19 Machi, na tarehe 3 Aprili nikafungua maombi haya.” Cheti cha hospitali kipo, lakini 20 Machi hadi 2 Aprili hazina mwenyewe, na maombi yanaanguka hapo hapo. Hata siku moja huulizwa. Kama siku hizo zilikwenda kwa kutafuta wakili na kuandaa nyaraka, sema hivyo na uweke ushahidi.

Ukiandika kwamba karani alikwambia jalada halionekani, karani huyo naye aape kiapo chake, la sivyo ni maneno ya kusikia. Kutojua sheria hakukubaliki, na uzembe wa wakili kwa kawaida haumwokoi mteja. Kinachosemwa kwenye mawasilisho bila kuwa ndani ya kiapo si ushahidi. Nakagua pia mahali na tarehe ya kuapa mbele ya kamishna wa viapo. Hapo panasahaulika mno.

Maombi haya hayazuii kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Nyumba ikiwa hatarini kuuzwa, zuio linaombwa peke yake.

Wakati maombi yanasikilizwa, sababu za rufaa nakuwa nimeshaziandika. Amri ikitoa siku 14, zinaanza kuhesabiwa bila kungoja nakala ya amri hiyo. Na kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, rufaa ya kwenda Mahakama Kuu inafunguliwa katika Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi.