Tunabaki na wawili

"Ukiwa mbele tunabaki na wapigaji wawili." Kocha wetu wa voliboli hakufoka. Alisema huku ameinama anafunga kamba za kiatu, kama mtu anayetaja saa. Nami nikajibu, "Sawa, kocha." Sawa ya nini? Tangu hapo nimeshamjibu upya bafuni, kwenye foleni, hata dada alipokuwa akitueleza kwamba harusi imeahirishwa, mimi akili ilikuwa uwanjani kwa kocha.

Kinachouma ni kwamba hesabu yake ni sahihi. Mimi ni seta, yaani ninayewapangia wapigaji mpira, na uwanjani tunazunguka nafasi sita: 1, 6 na 5 nyuma, kisha 4, 3 na 2 mbele karibu na wavu. Seta nikiwa nyuma, mbele wapo wapigaji watatu. Nikizunguka nikaingia 4, nakalia kiti cha mmoja wao mpaka nitoke namba 2. Na mimi ni mfupi. Tena hiyo namba 4 ndiyo mateso yenyewe. Wapinzani wakienda kupiga sevu, ule mpira wa kuanzisha, mimi nimebanwa kushoto karibu na wavu: wa namba 3 lazima awe kulia kwangu, wa namba 5 nyuma yangu, na ruhusa ya kuchomoka sina mpaka sevu ipigwe. Ikipigwa tu, mbio kwenda kulia kupanga kabla pasi ya kwanza haijashuka. Mbio hizo hazionwi na mtu. Watu wanahesabu wapigaji.

Sasa anataka seta tuwe wawili, kila mmoja apange akiwa nyuma, na mimi nikifika mbele nimpishe mrefu. Haya, nimpishe. Aliyeanza seti, yaani kipindi cha mchezo, akitoka anarudi mara moja tu, tena kwa kumtoa yule yule aliyempisha, na mabadiliko ni sita kwa seti nzima. Seti ikirefuka je?

Jana usiku nikachora mizunguko yote sita nyuma ya bahasha ya bili, nimenuna. Nilipofika mzunguko wa nne nikaanza kucheka peke yangu. Nikiwa seta wa nyuma, nimesimama ndani ya mita tatu kutoka wavuni na mpira uko juu ya wavu, siruhusiwi kuudokoa, yaani kuusukumia kwa vidole, upande wa pili, filimbi italia. Nikiwa mbele, ruksa! Kwa hiyo bloka wao wa kati, mzuiaji wa pale wavuni, lazima anichunge mimi kwanza, na akishanichunga, kwa mpigaji amechelewa. Na yule mpigaji wetu wa mkono wa kushoto, akiwa nyuma, si anarukia nyuma ya mstari wa mita tatu na kupiga kama kawaida? Wawili wa wapi!

Bahasha nitampelekea Jumanne. Au nisimpelekee, niudokoe mmoja mbele ya macho yake, kisha nifunge na mimi kamba za viatu.