Vilele vya Miti Usawa wa Macho

Likizo ya Julai ya mwaka 2014 niliitumia kwa mjomba wangu huko Tukuyu, kusini-magharibi mwa Tanzania, pamoja na binamu yangu aliyekuwa amerejea kutoka masomoni ng'ambo. Katika safari zake aliwahi kufika Costa Rica, ambako alifungwa mikanda kiunoni na mapajani, akaning'inizwa kwenye waya wa chuma na kuteleza kutoka jukwaa moja hadi jingine juu ya msitu wa mvua. Jioni moja, tukiwa tunaota moto, nilimuuliza ni wanyama gani aliowaona huko juu. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba hakuona hata mmoja, kwa kuwa mwendo ulikuwa wa kasi na waya ulikuwa ukivuma masikioni. Mjomba akasema kwamba Rungwe hakuhitajiki waya, mlima wenyewe ungetupandisha.

Mlima Rungwe una urefu wa takriban mita 2,960, na kuta za makorongo yake zimesimama kiasi kwamba mti ulioota chini hufikisha kilele chake mbele ya uso wa mtu aliyesimama ukingoni. Aliyetuongoza alikuwa mzee mmoja rafiki wa mjomba, ambaye ujanani alikuwa mwindaji na baadaye akawa kiongozi wa wageni. Tulimwamkia, akaitikia, akatazama viatu vyetu kwa makini kabla ya kukubali kuanza safari.

Tulipita mashamba ya viazi na mahindi, kisha tukaingia msituni, na baridi ikabadilika papo hapo kuwa ya unyevu. Njia ilifunikwa na kangaga zilizotufika mabegani, na kuvumwani zilining'inia matawini kama ndevu za wazee. Kwa muda mrefu hatukuona chochote isipokuwa mashina, jambo ambalo ndilo humkatisha tamaa mgeni wa misitu ya mvua, kwani maua, matunda na wanyama wengi wako juu, penye jua.

Hatimaye mzee alituketisha kwenye mzizi ulioinamia korongo. Mbele yetu, karibu kabisa, vilijipanga vilele vya miti iliyoota chini sana, na kwa mara ya kwanza niliutazama msitu kwa upande wake wa juu. Hatukuambiwa tunasubiri nini. Nadhani tulikaa zaidi ya saa moja, binamu yangu akijikunyata ndani ya koti, mpaka iliposikika sauti nzito, nusu mbweko na nusu honi, ambayo sikuwahi kuisikia kwa nyani wala kwa mbega. Mzee akanyoosha kidole bila kusema neno.

Alikuwa kipunji, aina ya kima. Manyoya yake yalikuwa marefu, ya kahawia, na yale ya utosini yalisimama wima juu ya uso mweusi. Mkia uliishia kwenye weupe hafifu. Alivuta kitawi kwa mkono mmoja, akachagua majani machanga na kuacha yaliyokomaa, akayatia mdomoni huku akituangalia. Nyuma yake majani yalitikisika, wenzake wakafuata, mmoja akiwa na mtoto aliyeng'ang'ania tumboni.

Wataalamu walimwona mnyama huyu kwa mara ya kwanza mwaka 2003, baada ya kusikia habari zake kwa Wanyakyusa, ingawa awali hawakuwa na hakika kama wanasimuliwa mnyama halisi au kiumbe wa hadithi. Mwaka 2005 walimtangaza kwa ulimwengu, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la kisayansi la spishi zenye undugu wa karibu, iitwayo Rungwecebus. Anapatikana Tanzania tu, katika misitu ya Rungwe na Livingstone na ule wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, na sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu takriban 1,100 tu. Nilipomuuliza mzee alijisikiaje habari hizo zilipotangazwa redioni, alijibu kwa utulivu, "Mwanangu, sisi tulimjua tangu enzi za babu zetu. Siku walipotuuliza, tukawaambia."

Binamu yangu, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, aliomba tusiondoke mpaka kundi lote livuke korongo, na mzee akakubali.

Wakati wa kushuka tulisimama pembezoni mwa msitu kwa mama mmoja aliyekuwa akikusanya mabua. Alitueleza kwamba wanyama wale huingia shambani mahindi yakianza kukomaa, na kwamba wapo majirani ambao huwatega. Mzee aliweka fimbo chini, akaketi kwenye tuta, na wawili hao wakaanza kujadiliana kwa Kinyakyusa kuhusu nani angelinda upande upi msimu ujao. Mazungumzo yaliendelea mpaka jioni, nasi tulibaki tukimsaidia mama yule kufunga mabua yake.